Breki Laini Asubuhi, Jiwe Mchana

Gari langu lilikuwa na tabia mbili. Asubuhi, tukitoka nyumbani Kiplombe katika baridi ile inayowafanya watu wasalimiane na mikono mfukoni, niligusa breki kidogo tu na likasimama. Mchana, tukirudi, pedali ilikuwa jiwe. Nilikanyaga, nikakanyaga tena, nikainuka kitini nikikanyaga, na gari likasimama lilipotaka lenyewe.

Kwa wiki tatu sikumwambia fundi yeyote. Nilikuwa na maelezo yangu, na mtu mwenye maelezo yake hatafuti fundi. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, pale baba alipokiacha, na baba alikuwa mrefu. Mimi kimo nilimrithi mama. Ili niifikie pedali nilikuwa naweka mgongoni mto wa kochi, ule wenye maua, na bado nilikanyaga kwa ncha ya kiatu. Nikajiambia kwamba asubuhi mguu una nguvu na mchana umechoka, basi. Kuvuta kiti mbele sikutaka hata kukufikiria.

Lazima nieleze kuhusu kiti hicho, maana najua inavyosikika.

Baba alikuwa mtunza stoo katika ghala la mahindi hapa mjini mpaka alipostaafu. Kazi ile ilimwingia mwilini. Nyumbani kwetu hakuna kitu kilichokosa mahali pake, na mahali pake palikuwa na alama ya rangi ya njano, iliyobaki kwenye mikebe ya kuwekea alama marundo ya magunia. Ngazi ilikuwa na doa lake ukutani. Panga na jembe vilikuwa na misumari yao, na chini ya kila msumari mstari mfupi wa njano. Hata birika lilikuwa na alama kwenye rafu. Mama alizoea kusema kwamba iko siku ataamka akute na yeye kapakwa rangi, mzee asije akampoteza.

Na alikuwa na sheria moja ambayo tulikua nayo kama watoto wengine wanavyokua na sala ya chakula. Baba akikupa kitu, kiwe kikombe cha chai au daftari la shule, hakukiachia mkononi mpaka useme, "Nimepokea." Ungeweza kuvuta utakavyo. Aliendelea kukishika huku akikutazama kwa upole, chai ikipoa. Wageni walidhani anatania. Ukisema tu, vidole vyake vinafunguka. Na ukimpa yeye kitu, alisema vivyo hivyo, hata kama ni kijiti cha kuchokolea meno.

Nilipopata kazi ya kutunza wazee ng'ambo, gari hili nilikuwa nalo kwa miezi mitano tu. Lilikuwa la mtumba, jeupe, la gia zinazojibadili zenyewe, na nililipenda kuliko ilivyostahili. Watu wa ukoo waliniambia niuze. Baba akasema, "Liache hapa. Nitakurudishia kama nilivyopokea." Asubuhi ya kuondoka, tukiwa uani, nilimwekea funguo kiganjani. "Nimepokea," akasema. Kisha akaongeza, "Ukirudi itakuwa zamu yako kusema."

Nilikuwa nimesema miaka miwili. Ikawa sita. Kila mkataba ulipoisha niliongeza mwingine, kwa sababu nyumba ilihitaji paa, halafu kwa sababu nilikuwa nimezoea. Kila Jumapili baada ya kanisa baba alilitoa gari bandani, akaliendesha mpaka madukani na kurudi ili betri isife, kisha akanipigia simu. Maneno yake ya kwanza yalikuwa hayo hayo: "Gari lako linakusalimu."

"Na wewe je?"

"Mimi ni mguu tu. Goti hili la kulia. Lakini mguu ni wa mzee, gari ni la kijana. Usichanganye."

Nilimtumia dawa ya kuchua. Nilipata mtu wa Eldoret aliyekuwa anarudi likizo, nikampa mikebe minne, yenye harufu kali ya kuwasha macho. Jumapili iliyofuata baba alisema goti limepata nafuu, na iliyofuata likawa linauma tena. Nikamwambia ni umri. Nilisema hivyo nikiwa nimetoka kukanda magoti ya mzee mwingine kabisa, mwenye watoto wanne waliokaa mtaa wa pili na hawakuja. Nililipwa kumkanda. Wangu alikuwa akikandwa na mama jioni, jikoni, na mimi nikimwambia ni umri.

Alikufa siku ya kazi, mchana, amelala kidogo baada ya chakula. Mwajiri wangu hakuniruhusu kusafiri. Nilimzika baba yangu kwenye simu iliyoshikwa na binamu, na mtandao ulikatika jeneza lilipokuwa linashushwa. Uliporudi, watu walikuwa wanakula.

Nilikuja nyumbani miezi minane baadaye, na safari hii nilikuja kukaa. Gari lilikuwa bandani, halijaguswa na mtu. Funguo zilikuwa kwenye msumari wake, juu ya mstari wa njano. Nilizitoa mwenyewe. Nilisimama pale nimezishika, nikasubiri, sijui nilisubiri nini. Hapakuwa na mkono upande wa pili.

Kwa hiyo nilipofungua mlango na kukuta kiti kimekaa nyuma, na shimo la mwili wake bado limo kitambaani, sikukigusa. Sikuona kama gari ni langu. Lilikuwa bado mikononi mwake, hajaliachia, na mimi nimeliazima tu ili nimpeleke mama kliniki ya presha kila baada ya wiki mbili. Betri ilikuwa imekufa, nikanunua nyingine. Kioo cha kati nilikirekebisha siku ya kwanza kwa sababu nilikuwa naona dari peke yake, na nikajuta mpaka jioni.

Siku iliyovunja maelezo yangu tulikuwa tunarudi kutoka kliniki, mama pembeni yangu na dawa zake mapajani. Ulikuwa msimu wa kuvuna, na mbele yetu kulikuwa na trekta lililovuta trela la mahindi. Likasimama ghafla katikati ya barabara kwa sababu dereva alimwona mtu anayemfahamu. Nikakanyaga. Jiwe. Mto ukateleza mgongoni, mimi nikateleza nao, kiatu kikatoka kwenye pedali. Nikaushika usukani kama ngazi na kukanyaga kwa kisigino. Tulisimama mahali ambapo mama angeweza kutoa mkono dirishani na kuchukua hindi.

Dereva wa trekta aliendelea na salamu zake. Mama alikusanya vidonge vilivyomwagika, kimoja kimoja, akavirudisha kwenye bahasha.

"Marehemu hahitaji nafasi ya miguu," akasema. "Vuta kiti."

"Mama, sio kiti. Ni breki."

"Nimezika mmoja. Inatosha. Kama ni breki, twende kwa fundi. Kama ni kiti, vuta."

Nililipeleka gari kwa fundi, maana hilo lilikuwa rahisi zaidi.

Gereji yenyewe iko nyuma ya viwanda, uwanja wa mabati na matope meusi ya oili. Fundi alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi. Alimtafutia mama benchi, akaipangusa kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko benchi, kisha akanisikiliza mpaka mwisho. Hilo tu lilinifanya nimpende.

"Madam, watu huja hapa wakisema breki haishiki," akasema. "Wewe ndio wa kwanza kuniambia breki inajua saa."

Alinyanyua gari akatazama breki za magurudumu. Zilikuwa nzima. Akaangalia mafuta ya breki, yalikuwa juu ya mstari. Kisha akasema anataka kujaribu busta, akanieleza kwa lugha ambayo mama pia aliielewa. Mguu wa mtu peke yake hauna nguvu ya kusimamisha gari, akasema. Kuna bakuli kubwa la bati nyuma ya pedali, ndiyo busta, na injini huivuta hewa kutoka ndani yake kwa paipu ya mpira. Ule mvuto ndio unaousaidia mguu. Msaada ukikosekana, unabaki wewe na chuma.

"Kwa hivyo unazima injini," akasema, "unakanyaga mara tano, sita, mpaka pedali iwe ngumu. Unashikilia mguu hapo hapo. Halafu unawasha. Kama busta iko sawa, pedali inashuka yenyewe chini ya mguu. Isiposhuka, hakuna msaada."

Akaingia garini. Hakugusa kiti. Hakuhitaji. Alikuwa na miguu ile ile mirefu, na magoti yake yalifika pale pale yalipokuwa yakifika ya baba. Aliweka mkono wa kushoto juu ya paja, kama baba. Ilinibidi nigeuke nitazame pipa la oili chakavu, nikalitazama kwa makini sana.

Alikanyaga mara sita, akashikilia, akawasha. Akatikisa kichwa. "Haijashuka hata kidogo."

Kabla hajatoka, aliinama akaiangalia pedali kwa tochi ya simu. Akaniita. Mpira wa pedali ya breki huwa na michirizi, ili kiatu kisiteleze. Huu ulikuwa umelika ukang'aa sehemu mbili, kulia na kushoto, na katikati michirizi bado ilikuwepo.

"Nani alikuwa anaendesha hii gari?"

"Baba yangu. Ni marehemu."

"Pole sana. Huyo mzee alikuwa anakanyaga na miguu yote miwili. Na si siku moja. Hii ni kazi ya miaka."

Mama alikuwa benchini, hatua chache kutoka kwetu. Nilimsikia akisema neno moja tu, "Goti," na sikuweza kumtazama.

Jumapili zote zile. Anatoka kanisani na viatu vyake vya kanisa, anaingia kwenye gari langu, anasukuma chuma kwa miguu miwili mpaka madukani na kurudi, kisha anakaa jikoni na goti limevimba ananiambia gari linanisalimu. Na mimi nilimtumia mikebe minne ya dawa ya kuchua. Nilitamani nipate Jumapili moja tu kati ya zile, moja, nimuulize swali la maana.

Fundi alikuwa amefungua boneti na kuiacha injini ikinguruma. Akainamisha sikio, akaniita nisikilize. Ilikuwepo sauti nyembamba, ya hewa inayofyonzwa, "ssss," kama mtu anayevuta pumzi kwenye meno. Akaizungushia paipu kiganja chake akakaza. Sauti ikanyamaza. Akaachia, ikarudi.

"Paipu imepasuka," akasema. "Lakini kuna mtu alishaifunga."

Ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, umezungushwa kwa kukazwa, mzunguko juu ya mzunguko, ncha imechomekwa chini isionekane. Niliyafahamu yale mafundo. Ndivyo ulivyofungwa mpini wa jembe letu, na bomba la maji la uani, na mguu wa kitanda changu cha utotoni. Na juu ya ncha, kidogo kama punje ya mtama, kulikuwa na doa la rangi ya njano, nusu kwenye ukanda na nusu kwenye paipu, ili siku nyingine akifungua boneti ajue kama fundo limesogea.

"Aliniomba mkasi," mama akasema. Alikuwa ameinuka akaja bila kusikika. "Akasema ni mpini wa jembe. Nikamwambia jembe halina neno. Akasema nimpe tu mkasi."

Fundi alitueleza mengine yaliyobaki. Asubuhi mpira ukiwa baridi unabana, busta inapata mvuto wake, breki inakuwa laini. Injini ikipata moto mpira unalegea na hewa inaingia. Kwa baba, aliyelitoa gari mchana wa Jumapili na kulipasha moto kwanza kwa nusu saa, kama alivyoambiwa na watu wa zamani, ilikuwa ngumu kila mara. Lilikuwa jambo la kubadilisha paipu isiyozidi urefu wa mkono wangu.

"Kwa nini hakuileta?" fundi akauliza.

Mama akajibu kabla yangu. "Alisema mafundi wa mjini wakifungua gari wanatoa spea nzuri wanaweka za watu. Alisema, nitamrudishiaje mtoto gari lenye vitu vya watu?"

Nilidhani fundi atakasirika. Akavua miwani akaipangusa. "Hakukosea sana, mama," akasema. "Wako wa namna hiyo."

Alikata ukanda kwa kisu, taratibu, nilipomwomba asiuharibu. Niliukunja nikautia kwenye mkoba. Akaweka paipu mpya na vishikizo vyake, akawasha injini, akasikiliza. Kimya. Kisha akafuta mikono, akanifungulia mlango wa dereva.

"Jaribu mwenyewe. Gari ni la mguu wa mwenye kuendesha."

Nikaingia. Nikaweka mto. Nikanyoosha mguu, na kama kawaida kiatu kikagusa pedali kwa ncha.

"Madam, hapo hutasikia kitu," akasema. "Ni lazima unyayo mzima ukae. Vuta kiti."

Niliwatazama wote wawili. Nilikuwa na umri wa miaka arubaini na mitatu, nimebeba watu wazima mikononi kutoka kitandani hadi bafuni, na nilikuwa nimeishika kingo ya kiti kama mtoto anayeambiwa ashuke mgongoni. Nilitaka kuwaeleza kwamba nikisogeza kiti kile hakitarudi tena pale pale, kwamba hapo ndipo alipokuwa, na kwamba hakuna aliyenikabidhi. Nikasema tu, "Ni kiti cha baba."

"Ni chako," mama akasema. "Yeye alikuwa analinda."

Nikainama kutafuta chuma cha kuvutia. Ili niufikishe mkono ilibidi nishuke, nipige magoti kwenye matope na kuchungulia chini, na fundi akanimulikia kwa simu yake. Reli ya kiti ilikuwa na vumbi na grisi ya zamani. Mbele kidogo, mbali na pale kiti kilipokuwa, kulikuwa na mstari mfupi wa njano. Ulikuwa umepakwa kwa uangalifu, kwa brashi ndogo, sawasawa pande zote mbili za reli.

Nilichukua muda kuelewa. Mama alielewa kwanza, maana nilimsikia akivuta pumzi.

Siku niliyoondoka, kabla hajakisogeza kiti ili miguu yake iingie, baba alikuwa amepiga magoti kama nilivyopiga mimi, akaweka alama mahali nilipokuwa nikikaa. Miaka sita alikaa nyuma ya mstari ule. Angekuwepo siku ya kurudi kwangu, ningekuta kiti kimesharudishwa, wala nisingejua kwamba kiliwahi kuondoka.

Nilitoa mto nikaurusha nyuma. Nikaketi, nikavuta chuma, nikajisogeza mbele, meno ya reli yakilia moja baada ya jingine. Fundi alikuwa ameinama na tochi. "Bado," akasema. "Bado. Hapo."

Unyayo wangu wote ulikuwa juu ya pedali, bila kunyoosha, bila kuteleza. Nikakanyaga mara sita mpaka ikawa ngumu. Nikashikilia mguu hapo hapo, na kwa kitambo hicho nilikuwa nakanyaga alichokanyaga yeye. Kisha nikawasha injini, na pedali ikashuka yenyewe chini ya mguu wangu, polepole, kama vidole vinavyofunguka.

Nikasema kwa sauti, mama akisikia, fundi akisikia, "Nimepokea."